Akiba ya Pindo

Tap. Kisha kimya. Kisha tena, tap.

Akidi alifumbua macho na giza likabaki lile lile. Umeme ulikatika tangu jioni, na kambi nzima ya polisi, hapo juu ya Bukoto, ilikuwa imetulia kama chungu kilichofunikwa. Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha mtoto. Kitu kilikuwa kinavutwa, kinaachiwa, kinapiga ngozi ya tumbo. Kila pigo lilifuatwa na kicheko kidogo kilichozibwa kwa blanketi.

"Ajok," Akidi akanong'ona. "Acha lastiki ya watu."

Kimya. Halafu, kwa upole, kama mtu anayeomba ruhusa: tap.

Mtoto alikuwa amelala na suruali. Jana usiku aliing'ang'ania, akakataa kuvuliwa, akalia mpaka baba yake akasema basi, mwache, kelele zinatoka nje. Suruali yenyewe haikuwa yake. Haikuwa ya mama yake wala ya serikali, na hapo ndipo shida yote ilipokaa. Ilikuwa sampuli kutoka bohari la forodha, na asubuhi hiyo Akidi, mkaguzi wa mizigo, alitakiwa aandike kwa mkono wake ni nguo ya nani. Akiandika kuwa ni ya wanawake, mzigo ungechomwa moto, na mwenye mzigo, Emérence, mama wa Kikongo anayeuza nguo Kamwokya, angepandishwa gari la jeshi. Watu waliopandishwa gari lile hawakuwa na desturi ya kurudi kusimulia walikopelekwa.

Akalala chali akiisikiliza lastiki, akiusubiri mwanga.

Katoni za Emérence ziliingia jana yake na behewa la Nairobi. Zilipofunguliwa zilitoa ile harufu ya nguo mpya, ya wanga na mafuta ya mashine, ambayo Akidi aliipenda tangu siku yake ya kwanza kazini. Kazi aliipata Wahindi walipofukuzwa na viti vya makarani vikabaki vitupu. Lakini hakuokota kiti njiani. Alikuwa na cheti cha masomo ya jioni, alichokihangaikia katika ukumbi wa parokia huku mimba ya Ajok ikimtangulia kufika mezani. Mwalimu wao alikuwa mzee Tarcisio, mstaafu wa forodha, na kitabu chake cha ushuru kilikuwa kimekwisha pukutika jalada. Aliwafundisha kwamba kila kinachoingia nchini lazima kipewe jina la kitabuni, maana ushuru hufuata jina. Shati huwa la kiume au la kike kwa jinsi ubavu mmoja unavyolala juu ya mwenzake. Koti la mvua usiliite koti mpaka ujue limepakwa nini. Na katikati ya somo mzee alipenda kuinua kidole.

"Nguo haiulizwi nani anaweza kuivaa," angesema. "Hata mimi naweza kuvaa gomesi la mke wangu, mkitaka kucheka. Nguo inaulizwa ilishonewa nani."

Suruali za Emérence hazikutaka kujibu. Zilikuwa za pamba, rangi ya chai ya maziwa, kiuno cha lastiki. Hazikuwa na zipu wala kifungo, mfuko wala lebo. Akidi aligeuza moja ndani nje, akaigeuza tena, akaona ni suruali iliyonyamaza.

Sajini Abubaker alikuwa ameketi juu ya mzani wa magunia, mahali pake pa kila siku. Tangu itoke ile amri ya mavazi, kwamba mwanamke asivae suruali, asivae kimini, asivae nywele za bandia, aliwekwa bohari kutazama kinachoingia. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliowatia watu baridi. Mwezi uliopita aliinua wigi kwa ncha ya singe, akamwuliza mwenye mzigo kwa adabu kabisa, huyu mnyama anakula nini. Yule mwenye wigi hakuonekana tena kwenye duka lake.

"Hii kitu ni suruali," sajini akasema.

"Ni suruali, afande."

"Ya nani?"

"Ndiyo natazama, afande."

"Tazama pole pole. Mimi iko na siku mzima." Akashuka mzanini, akaichukua, akaivuta kiuno kwa mikono miwili. Lastiki ikapanuka, ikapanuka, hata kifua chake kingeingia. Akaishusha mbele ya mguu wake. "Ona hii. Inafika hapa, katikati ya muundi. Hii ni ile ya wasichana ya mjini. Mimi naliona mingi, kabla ya amri."

Bwana Ogwal, mkubwa wa bohari, alikuwa amesogea na miwani yake mkononi. Alikuwa mzee wa kabila la Walango, aliyebakiza muda kidogo wa kustaafu, na kila siku iliyopita salama aliihesabu kuwa mshahara. Alimwambia Akidi asome kanuni. Akidi akasoma, ingawa kanuni ile aliijua kama Baba Yetu: nguo isiyoweza kutambulikana kuwa ya wanaume au ya wanawake, ihesabiwe kuwa ya wanawake.

Mchukuzi mmoja aliyekuwa ameegemea toroli akacheka. "Hata Wazungu walioandika kitabu hicho walijua, mzee! Kitu ukishindwa kukielewa, ni mwanamke."

Bohari zima likaangua kicheko, na sajini naye akacheka mpaka akajipiga paja. Kisha akaacha kucheka. Na wengine wakaacha.

"Kwa hiyo ni ya mwanamke," akasema.

"Bado, afande," Akidi akasema, akashangaa kusikia sauti yake. "Kuna nguo za watoto wadogo. Zile zina mahali pao kitabuni, na amri haiwagusi watoto. Lazima nihakikishe kwanza."

Sajini akamtazama, akamtazama Bwana Ogwal, akamtazama Emérence aliyekuwa amesimama karibu na mlango, mikono juu ya tumbo, kitenge chake kimefungwa vizuri kama mtu aliyekuja kanisani. Akanyoosha kiganja. Emérence akampa kitambulisho chake cha ukimbizi. Sajini akakitia mfuko wa kifuani, akaufunga kifungo.

"Hakikisha," akasema. "Kesho asubuhi wewe andika. Kama ya mtoto, mama nachukua kadi yake na katoni yake, naenda. Kama ya mwanamke, mimi nachukua mama."

Sajini alipokwenda kunywa chai, Akidi alimvuta Emérence nyuma ya katoni.

"Mama, nguo gani hii isiyo na hata lebo? Uliinunua wapi?"

"Kiwandani Nairobi, mwanangu, na ilikuwa na lebo." Emérence aliongea kwa kile Kiswahili cha kwao Kivu, na hata sasa kilikuwa na mwendo wa mtu anayecheza. "Ilikuwa na lebo yenye picha, katoto ka kike kamevaa suruali, kanacheka meno yote. Na utepe mwekundu hapa kiunoni. Miye nikasema, Emérence, ule askari wa Kampala akiona hii picha, umekwisha. Nikakamata makasi. Nilikataka lebo, nilikataka utepe, zote, moja moja. Nilitaka ikuwe suruali ya bure tu. Isikuwe ya mwanaume, isikuwe ya mwanamke."

Akidi akafumba macho. "Na lebo iliandikwa miaka mingapi?"

"Zingine saba. Zingine nane."

"Ziko wapi?"

"Nilichoma."

"Zote?"

"Zote, mama. Miye si mtu wa kufanya kazi nusu."

Akidi alimpelekea Bwana Ogwal habari hiyo akidhani amepata dawa. Mzee alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Usilirudie neno hilo," akasema. "Mtu aliyechoma lebo ni mtu anayeficha. Ukilisema mbele ya sajini, umemchimbia kaburi kwa mdomo wako. Chukua sampuli moja, nenda nayo nyumbani, una mtoto, itazame. Kesho uandike. Mimi sikuifungua ile katoni, Akidi. Wewe ndiye uliyeifungua."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesogeza kiti chake mbali na moto.

Jioni ile, Ajok aliiona suruali kabla haijatoka mkobani. Alikuwa na miaka mitano na kitu chochote kilichokunjwa aliamini kimeletwa kwa ajili yake. Akaivaa juu ya gauni. Lastiki ilimkamata vizuri kiunoni, lakini miguu ya suruali ilimzidi, ikamfunika nyayo, na hatua ya kwanza tu akajikwaa akaanguka kifudifudi.

"Ni kubwa!" akalia. "Si yangu!"

"Ni yako ukikua," Akidi akamwambia, maana mzazi husema lolote ili kilio kikome. Kilio kikakoma. Ajok akaichunguza upya, kama mtu aliyeambiwa shamba lile kule ni lake.

Odur, mumewe Akidi, alikuwa anavua buti. Alikuwa konstebo, Mlango kama Bwana Ogwal, mtu mrefu aliyejifunza kutembea kama mfupi. Alisikiliza habari yote ya bohari bila kuinua kichwa, kamba moja, kisha kamba ya pili.

Akidi naye alikuwa na jambo lililomkera, na asingelala kabla hajalijua. Akaichukua suruali, akaingia nyuma ya pazia, akaivaa. Ilipita mapajani. Ikapita nyonga. Ikakaa. Akatoka akiwa amenyanyua sketi, suruali inamfika katikati ya muundi, na kusema kweli ilimpendeza.

"Mama ana suruali!" Ajok akapiga kelele kwa furaha. "Mama ana suruali!"

Odur alikuwa amekwisha fika dirishani kulifunga. Kuta za kambi zilikuwa nyembamba, na nyuma ya kila ukuta kulikuwa na mtu mwenye masikio na mwenye mkubwa wake.

"Vua," akasema, bila kupandisha sauti.

"Odur, inanienea."

"Nimeona. Ndiyo maana nasema vua."

Akaivua. Ajok akaidaka na kukimbia nayo kitandani.

"Basi imejijibu yenyewe," Odur akasema. "Inakuenea wewe, ni ya wanawake. Andika hivyo, urudi nyumbani."

"Na Emérence?"

"Emérence si dada yako."

"Si dada yangu."

"Sasa?"

"Inanienea, lakini haikushonwa kwa ajili yangu. Hivyo ni vitu viwili."

"Huo ni ubishi wa shuleni, Mama Ajok." Akaketi kitandani, mikono ikining'inia katikati ya magoti. "Nina jina la kaskazini. Wenye majina kama langu walikuwa wengi hapa kambini, wakapungua. Oloya wa nyumba ya pili yuko wapi? Na Olanya? Mimi sikatai huruma. Ninachokataa ni kuitwa. Siku yule sajini akiuliza mkaguzi huyu mbishi ni mke wa nani, wataniita."

Maneno yale yalikuwa ya kweli. Akidi akaenda kumtazama mtoto. Ajok alikuwa amelala tayari, suruali mwilini, vidole vya miguu vimepotea ndani yake. Akidi akapiga magoti na koroboi, akaanza kuikunja miguu ya suruali ili mtoto asijikwae akiamka kukojoa. Mkunjo wa kwanza ukakataa. Kitambaa kilikuwa kinene pale chini, kigumu kuliko juu. Akakipapasa kwa kidole gumba. Akaingiza kidole ndani.

Pindo lilikuwa na upana wa kiganja. Na halikushonwa kwa mshono wa mashine uliobana kama kule kwingine. Lilipitishwa uzi mmoja tu, hatua ndefu ndefu, wa aina ile ambayo ukikata fundo unavutika wote bila kuumiza kitambaa.

Hakuna mama katika kambi ile ambaye asingelijua pindo hilo. Waliliita akiba. Mtoto akishonewa gauni la shule, fundi huambiwa, weka akiba, na fundi asiyeweka hapewi kazi tena. Mtoto akirefuka, unafumua, unashusha, mwaka umekwisha. Akidi alikuwa amefumua na kushusha gauni la kijani la Ajok mara nyingi hata pembe zake zikaanza kuwa nyeupe. Na huko Nairobi, katika kiwanda asichokijua, kulikuwa na mtu aliyewahi kulea, au aliyelelewa.

Alitaka kumwamsha Odur amwonyeshe. Kisha akamwona amelala na soksi moja, akamwacha.

Asubuhi, Santina, jirani aliyezoea kumwangalia Ajok, hakuwepo. Alikuwa ameshuka ziwani Ggaba, maana ilisemekana kuna sukari imeletwa na mitumbwi, na sukari ikisemekana mtu haulizi mara mbili. Kwa hiyo Akidi alimvua mtoto suruali kwa hila na kipande cha kiazi, akamvisha gauni la kijani, akaongozana naye kazini. Odur aliwasindikiza mpaka lango la kambi. Hakusema andika hivi wala andika vile. Alimfunga mtoto kifungo cha shingoni, ambacho kilikuwa kimefungwa tayari.

Emérence alikuwa amefika kabla yao. Alikuwa amebeba kifurushi kidogo, sweta, kipande cha sabuni na muhogo wa kuchemsha, kama mtu anayejua kwamba huko aendako hapana shuka.

"Umelala, mama?" Akidi akamwuliza.

"Nililala sana. Miye nikiogopa, nalala." Akamtazama Ajok. "Na huyu mkubwa ni nani? Karani mpya?"

Ajok akajificha nyuma ya mama yake, kisha akatoka, kwa kuwa Emérence alikuwa amemmegea muhogo.

Sajini Abubaker akaja. Bwana Ogwal akaja, akakaa mbali kidogo, kalamu ikiwa mfukoni. Akidi alitandaza suruali juu ya meza ya ukaguzi. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, kupitia Kamwokya mpaka mjini, na aliyasema kwa utaratibu kama alivyofundishwa. Akasema kwamba lastiki inapanuka kwa kila mtu, kwa hiyo kiuno si shahidi. Akasema urefu nao si shahidi, maana nguo ndefu kwa mmoja ni fupi kwa mwingine. Akageuza mguu wa suruali.

"Lakini pindo ni shahidi, afande. Hii ni akiba ya kukulia. Mtu mzima haongezwi. Ukimshonea mtu mzima unapima, unakata, umemaliza. Anayewekewa kitambaa ndani ni yule ambaye mwakani atakuwa mwingine. Hii imeshonewa mtoto."

Sajini akalipapasa pindo kwa muda. Kisha akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata fundo, akavuta uzi. Ukatoka wote, mrefu, bila kelele. Mguu mmoja wa suruali ukashuka kiganja kizima. Sajini akaiinua, akaisimamisha karibu na mguu wake kama alivyofanya jana.

"Kumbe," akasema polepole. "Jana nalifika hapa. Leo inafika kwa kifundo. Kumbe ni suruali mzima ya mwanamke. Huyu mama amekunja ndani, ili ipite." Akamgeukia Emérence, karibu kwa heshima. "Mama, wewe naweza kushinda sisi wote."

Emérence akakiinua kifurushi chake kutoka chini.

Hilo Akidi hakuliwaza. Usiku kucha alilibeba lile pindo kama yai, na halikumpitia wazo kwamba kitu kilichofichwa ndani kwa ajili ya kesho, mbele ya macho mengine, ni kitu kilichofichwa tu. Akatafuta kifungu cha kitabu, hakikuja. Akamtafuta mzee Tarcisio na kidole chake, naye hakuja. Alichokiona ni Ajok, ameketi juu ya katoni, anakula muhogo wa watu, anatikisa miguu.

"Ajok, njoo."

Mtoto akaruka chini. Akidi akachuchumaa, akalishika gauni la kijani chini kabisa, akalitandaza juu ya kiganja chake.

"Tazama, afande. Hapa juu pamepauka, ndipo lilipoishia mwaka juzi. Huu mstari ni pindo la kwanza. Hapa ni mwaka jana, ona, kijani kimekolea kidogo. Hapa chini nilishusha Pasaka, bado ni kipya, jua halijakijua. Na ndani," akaligeuza, "imebaki nyingine. Mimi sikumficha mtu kitu. Nilikuwa nangojea."

Sajini alisogea. Alisimama juu yao, kisha akachuchumaa, magoti yakilia, bunduki ikagusa sakafu. Akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, kwenye wa pili.

"Nani nalishona hii?"

"Mimi, afande."

"Bibi yangu, mama ya watoto yangu, huko nyumbani Yumbe nafanya hivi," akasema, na haikujulikana anamwambia nani. "Mimi nalirudi likizo, naona gauni ni ile ile, mtoto ni mwingine."

Wachukuzi walikuwa wameacha kusukuma matoroli. Bwana Ogwal alikuwa ametoa kalamu mfukoni bila kujua, anaishika kama kijiko. Sajini akafungua kifungo cha mfuko wa kifuani, akatoa kitambulisho cha Emérence, akakipigapiga juu ya goti lake.

"Wewe mama umesoma, unajua kusema," akamwambia Akidi. "Huyu mzee anajua kuogopa. Huyu Mkongo anajua kukunja. Hapa ndani kila mtu iko na sababu ya kusema uongo, ila huyu." Akamwelekezea Ajok kidevu. "Mimi nauliza huyu. Akisema ni ya mama, nachukua ule mama ya Kongo. Akisema ya mtoto, wewe andika mtoto, na mimi narudi kwa mzani yangu."

"Afande, ni mtoto wa miaka mitano," Bwana Ogwal akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi hiyo na yalimtoka kwa shida.

"Ndiyo nauliza yeye, mzee. Bado hajafundishwa."

Akaichukua suruali mezani, akaishika mbele ya mtoto, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi.

Mama ana suruali. Akidi aliisikia sauti ile ya jana wazi kabisa, furaha yake yote, dirisha likifungwa. Angeweza kumkonyeza mtoto. Angeweza kumbana bega. Lakini macho ya sajini yalikuwa karibu, mapole, yanamngoja afanye hivyo hivyo. Akaondoa mkono wake begani mwa Ajok, akauweka juu ya goti lake mwenyewe.

"Mtoto mzuri," sajini akasema. "Wewe najua hii kitu?"

Ajok akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na muhogo shavuni, akaumeza kwanza.

"Ambia mimi. Hii ni ya nani?"

Ajok akaitazama suruali. Akamtazama mama yake, kisha Emérence na kifurushi chake, kisha uso wa sajini uliokuwa sawa na wake kwa urefu. Akanyoosha mkono, akaishika lastiki kwa vidole viwili, akaivuta kidogo, akaiachia. Tap.

"Ni yangu nikikua," akasema.